Rangi Haikubali Kupungua

Behewa la abiria la Great Western Railway, kampuni ya reli ya Uingereza, liliweza kuwa na urefu wa futi 57 au zaidi. Likiundwa upya kwa kipimo cha OO cha treni ndogo za mfano, ambapo futi moja inakuwa milimita 4, lile la futi 57 linabaki na milimita 228. Milango, vitasa, ngazi na abiria walioketi ndani wote wanapungua kwa kiasi hicho hicho. Rangi ndiyo haipungui. Tabaka lenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, hapa ni sawa na kulikandika behewa halisi rangi ya milimita saba na nusu. Bawaba zinazama, mifuo ya milango inazibika, na jasho la aliyelichonga linapotea. Kwa hiyo fundi wa mabehewa haya anapimwa kwanza kwa wembamba wa kazi yake.

Kazi inaanzia kwenye maji na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya vidole yanatosha kuifanya rangi ikatae kushika. Praima inapulizwa kwa bomba la kompresa, nyepesi kiasi cha kuacha kila msumari ukionekana. Bomba likiwa mbali mno, matone yanakauka hewani na ukuta unakuwa na chengachenga. Likiwa karibu mno, rangi inatiririka. Katikati ya makosa hayo mawili ipo nafasi ndogo ambayo mkono huijua kwa mazoea tu.

Great Western walipaka mabehewa yao rangi mbili, maziwa juu na chokoleti chini, na mwaka 1922 waliirudia desturi hiyo baada ya miaka kadhaa ya rangi moja. Fundi huanza na maziwa. Chokoleti huifunika maziwa kwa mkono mmoja mwepesi, lakini maziwa juu ya chokoleti ingehitaji mikono mingi, na unene ungerudi. Kisha anabandika tepu ya kuzibia kwenye mpaka wa rangi hizo, na hapo anafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: anapuliza tena maziwa kidogo juu ya ukingo wa tepu. Penye upenyo, maziwa ndiyo itakayopenya, na maziwa chini yake haionekani. Chokoleti ikija baadaye inakuta mlango umefungwa. Tepu hubanduliwa kabla rangi haijawa ngumu kabisa, ikikunjwa na kuvutwa kurudi nyuma polepole, na mpaka unaobaki umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Halafu kuna mistari. Katika miaka ya 1920 kampuni hiyo ilichora mistari ya dhahabu na nyeusi juu ya kuta bapa za chuma ili zifanane na mbao za fremu za mabehewa ya zamani. Mstari wa sentimita moja, ukipunguzwa hivyo, unakuwa milimita 0.13. Huchorwa kwa kalamu ya midomo miwili ya chuma inayobanwa kwa skrubu, yenye tone la rangi katikati. Kabla ya kuligusa behewa, fundi huijaribu kwenye kipande cha plastiki hadi rangi itiririke bila kusukumwa. Wengi hutumia rangi ya mafuta juu ya tabaka la akriliki lililokwisha kukauka; mstari ukipinda, hufutwa kwa kitambaa chenye tina kidogo ya rangi ya mafuta, na akriliki haidhuriki.

Vanishi ya kung'aa hutangulia herufi za kubandika. Juu ya ukuta mkavu usiong'aa, hewa hunaswa chini ya karatasi ya herufi na kuacha doa la fedha. Juu ya ukuta laini, karatasi hulala na kingo zake hufichika. Herufi zikishashika, vanishi ya mwisho huupunguza mng'ao.

Kuhusu paa, wapenzi wa sanaa hii hawakubaliani. Great Western walilipaka jeupe, na moshi wa injini ukaligeuza kijivu kwa muda mfupi. Wapo wanaoliacha jeupe, kama siku lilipotoka karakanani. Mimi nasimama na wale wa kijivu, wanaopuliza pia vumbi la hudhurungi kwenye magurudumu na breki, kwa sababu behewa liliundwa kubeba watu na halikukaa siku nyingi bila kazi. Vioo huwekwa mwisho kabisa, vanishi ikiwa imekauka, la sivyo mvuke wake ungevitia ukungu.