Nimekishika Kipima Samaki, Jamani!

Jamani, acheni mnachofanya! Natoka Katoro sasa hivi, vidole bado vinanuka sangara, na siwezi kutulia mpaka niwaambie: nimekishika! Kile kidude cha kupima ubichi wa samaki, nimekishika kwa mkono wangu huu huu, nimekigandamiza, nimekigeuza, nimerudia tena na tena mpaka mwenye jokofu akauliza, "Kaka, unanunua au unacheza?"

Nilidhani kitanusa, si unajua? Wala! Pua hakina. Unalaza kile kichwa chenye vyuma juu ya ngozi ya samaki, ngozi baridiii, telezi, inayong'aa, barafu inakukata vidole, unabana kidogo, na papo hapo namba hiyo kwenye kioo! Kinapitisha umeme kiduchu mno, wewe huusikii hata chembe, kisha kinakwambia ngozi na nyama ya chini yake zimechakaa kiasi gani. Namba kubwa, samaki katoka ziwani juzijuzi. Ikishuka, hata umfunike barafu mpaka machoni, huyo kazeeka.

Tukalaza sato wawili ubavu kwa ubavu. Macho maangavu, mashavu bado mekundu, wote wanene wazuri, mimi ningewalipia bei moja na chenji nikaacha. Wa kwanza, 14. Mwenzake, 7! Kumbe mmoja kashushwa mwalo wa Nkome alfajiri, mwingine kalalia barafu siku kadhaa. Nilipiga ukelele soko zima likageuka. Na bado!

Mwenye jokofu akatoa sangara mmoja, jitu kwelikweli, aliyegandishwa kisha akayeyushwa. Kwa macho, mbichi kabisa! Weka chuma: namba ikaporomoka karibu na sifuri. Hajaoza, hapana, kuganda kunapasua seli za nyama, ndiyo maana kifaa kinamuumbua palepale. Hapo nikacheka mpaka machozi, maana nyie wa Kahama na Shinyanga mjini mnajua mnavyoapiwa "wa leo leo, dada, wa leo" kumbe bwana mkubwa katoka kwenye friza.

Halafu eti si kitu kipya! Kimezaliwa kituo cha utafiti cha Torry, Aberdeen, Uskoti, tangu miaka ya 1970. Na huku kwetu, sangara wanaokwenda Ulaya wana maabara ya kuwapima, ile ya Nyegezi pale Mwanza. Sisi tunaokula hapa Geita tuna kidole gumba na viapo vya muuzaji. Inaniuma, basi tu.

Haya, dagaa hakiwawezi, wadogo mno kwa kichwa kile, na minofu iliyochunwa ngozi usijisumbue nayo. Bei? Mh! Labda uwe umeangukia mshipa wa dhahabu Nyarugusu. Lakini kushika ni bure, ndugu yangu! Twende Jumamosi, na ubebe yule samaki wako unayemsifia kila siku, tumwekee chuma tuone.