Uaminifu wa Mungu na Kosa la Mwanadamu: Tamko Moja la Biblia ya Kiswahili mbele ya Wasikilizaji wa Kwale

Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 2, aya ya 13, yamo maneno machache ambayo mafundisho ya Kikristo juu ya uthabiti wa Mungu huyaegemea sana: mwanadamu huteleza, Mungu hatoki katika neno lake. Katika makanisa ya pwani ya kusini ya Kenya, tangu Ukunda na Diani hadi Msambweni, maneno hayo husikika kwa kawaida katika sura yaliyopewa na Biblia ya Union ya mwaka 1952. Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza namna tafsiri hiyo ilivyoitamka imani hiyo, na lile linalotokea tamko lenyewe linapofika masikioni mwa watu wa Kwale. Huko Waislamu ndio wengi, na neno lililochaguliwa lilikuwa na kazi yake mitaani na sokoni kabla ya kutiwa kanisani.

Kiyunani kinatumia mzizi mmoja, pist-, kwa kuamini, kwa kuaminika na kwa uaminifu. Kitenzi apistoumen kilichomo katika aya hiyo chaweza kufahamiwa kwa njia mbili: kukosa imani, au kukosa uaminifu. Mfasiri wa Kiswahili hana kitenzi kimoja kinachobeba maana zote mbili kwa usawa, kwa hiyo hana budi kuchagua. Wafasiri wa Union walichagua “hatuamini”. Wale wa Biblia ya Habari Njema, iliyotoka kamili katika miaka ya 1990, walichagua kukosa uaminifu. Kwa msomaji aliye peke yake chumbani, tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Kwa mkutano wa watu wa Kwale si ndogo hata kidogo.

Kuamini, katika matumizi ya kila siku ya mahali penye dini zaidi ya moja, ni kukiri dini fulani. Kwa hiyo asikiapo habari za kutoamini, msikilizaji humtafuta asiyeamini, wala hamtafuti mbali: ni jirani Mdigo atokaye msikitini, au mzee aendaye Kaya Kinondo kuomba mvua. Kosa ambalo waraka umeliweka juu ya “sisi” linavuka ua na kutua kwa “wao”. Lakini mwandishi wa waraka anazungumza na kiongozi wa kanisa juu ya watu wa kanisa, na wenye kukosa katika aya hiyo ni wale wale wanaoisoma. Tafsiri haikusema uongo. Imemwachia msikilizaji mlango wa kutokea.

Mlango huo si jambo la kinadharia. Mwezi wa Agosti 1997, baada ya kituo cha polisi cha Likoni kushambuliwa, fujo zilienea kusini hata Ukunda na Diani. Waliofukuzwa hasa walikuwa watu wa bara, wengi wao Wakristo, na baadhi yao wakakimbilia viwanja vya kanisa Katoliki la Likoni. Vijana walioshambulia walikuwa wamelishwa kiapo, na msitu wa Kaya Bombo ulitajwa sana katika habari hizo. Ugomvi ule ulikuwa wa siasa na wa ardhi, si wa dini; hata hivyo yumkini mtu aliyepoteza nyumba yake akaisikia aya hii kama hukumu juu ya watu wa upande wa pili. Kiapo kile pia kinamfunza mhakiki jambo: kushika neno ulilolitoa si wema kwa nafsi yake. Inategemea neno gani, na limetolewa dhidi ya nani.

Sasa na tutazame upande wa Mungu katika aya hiyo. Union haikumwita “mwaminifu” hapo. Ilimwita “wa kuaminiwa”. Hii ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa humtaka mtendaji hata asipotajwa. Nani amwamini? Ni wale wale ambao neno moja tu kabla wameambiwa kuwa hawaamini. Kwa sarufi, basi, uthabiti wa Mungu umetundikwa juu ya tendo la mwanadamu ambalo limekwisha kushindwa. Mfasiri bila shaka alikusudia “astahiliye kuaminiwa”, na kwa kurudia mzizi wa amini aliulinda mchezo wa maneno wa Kiyunani, jambo la kusifiwa. Hata hivyo, ukiitazama sentensi kwa sarufi yake tu, inayumba.

Inapopelekwa Msambweni, jambo hubadilika. Kwa Mswahili na Mdigo Mwislamu, mzizi huu unakaa karibu na amana: mali au siri iliyowekwa kwa mtu mpaka mwenyewe airudie. Kinyume cha uaminifu wa namna hii ni hiana. Kutosadiki ni jambo lingine. Isitoshe, mtoto wa chuoni anajua kwamba Mtume Muhammad aliitwa al-Amin kabla ya kupewa utume. Anajua pia masimulizi ya kuhama Makka: kwamba watu wa mji ule waliokataa ujumbe wake walikuwa wameweka amana zao kwake, naye akamwachia Ali kazi ya kuzirudisha kwa wenyewe. Huyo ni mtu wa kuaminiwa hasa, tena na watu wasiomwamini. Kauli ya kutendwa iliyoyumba katika sarufi inasimama imara katika masikio hayo, kwa kuwa msikilizaji anajua tayari kwamba amana hairudishwi kwa sababu ya wema wa aliyeiweka. Hapana haja ya kulinganisha mtume na Mungu ili kuliona hilo; yatosha kukiri kwamba mila ya Kiislamu ya Pwani ndiyo iliyolipa neno la Kikristo uzito wake. Wahubiri wachache hutumia utajiri huu, na hiyo ni hasara yao.

Wafasiri wenyewe waliupoteza mahali pengine. Katika Warumi sura ya 3, Paulo anasema Wayahudi wamepewa maneno ya Mungu wayatunze, kisha anauliza kama kukosa kwa baadhi yao kutauvunja uaminifu wa Mungu. Kiyunani kinatumia mzizi ule ule tangu mwanzo wa hoja hadi mwisho. Union inaanza na “wamekabidhiwa”, kisha inaingia katika kuamini na uaminifu, na uzi unakatika. Laiti ingalisemwa kwamba waliwekewa amana, kosa lao lingalisikika mara moja kuwa ni hiana, na swali la Paulo lingalikuwa na makali: je, hiana ya mweka amana mmoja humfanya Mungu naye kuwa mhaini?

Karl Roehl, ambaye Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1937, alikwenda njia nyingine. Alitaka kupunguza maneno ya Kiarabu, kwa hiyo kuamini kukawa “kutegemea”, na uaminifu ukawa “welekevu”. Hili la pili limedharauliwa mno. Kuelekea ni kumgeuzia mtu uso, na Mungu mwelekevu ni yule asiyegeuka hata mtu akimpa kisogo. Picha ni nzuri, tena haimhitaji mwanadamu aitimize. Ila neno halikupata watu: hapana mtu wa Diani asemaye kwamba fundi wake au mkopeshaji wake ni mwelekevu akikusudia kwamba haibi. Roehl alipata maana akakosa soko. Kwa kutegemea hakukosa sana. Kidigo nacho kina kuluphira, kutumaini na kutegemea, neno linalosikika sana katika lugha ya imani ya Wakristo Wadigo.

Maneno mengine ya jamii hii hayahitaji kukawiwa. “Ahadi” ni neno zuri, lakini Pwani ahadi ni deni, na Mungu mwenye deni ni fikra inayotaka maelezo. “Fadhili”, ambalo Union inalipenda sana katika Zaburi, limezungukwa na methali chungu: mfadhili mbuzi utakula nyama yake, mfadhili binadamu atakulipa masimango. Uchungu huo ndio hasa unaolifaa somo, kwani Zaburi zinawasimulia watu waliofadhiliwa wakasahau. “Agano” linatokana na kuagana, kauli ya kutendana, na ndivyo ilivyo chilagane ya Wamijikenda. Kauli hiyo inataka wawili, na somo letu linaanza pale mmoja anapoondoka.

Linabaki tamko la mwisho la aya: kwamba Mungu hawezi “kujikana”. Aya iliyotangulia inaonya kwamba wamkanao nao watakanwa, na hapo Union imepatwa na balaa la kimofolojia: “atatukana” husikika pia kuwa ni kutoa matusi, ndiyo maana ikabidi kulifuatisha neno “sisi”. Kicheko kinachozuka darasani kisifunike ugumu wenyewe: aya moja inasema Mungu atakana, ya pili inasema habadiliki, na waraka hauzipatanishi. Lakini kukana ni neno la Kibantu lenye mizizi mirefu katika mashauri ya Pwani. Mtu hukana deni, hukana mtoto, hukana mbele ya kadhi kwamba hakuwekewa kitu. Kukana amana ndiyo hiana yenyewe. Ni neno hilo hilo, katika Kiyunani na katika Kiswahili, litumikalo kwa Petro uani kwa kuhani mkuu usiku ule alipoulizwa mara tatu kama anamjua Yesu.