Simu Haikukatika

Simu haikukatika, ilikatwa. Naliweka neno hili mbele ya hoja zake, kinyume cha taratibu njema za uandishi, kwa sababu kila niliyeonana naye tangu asubuhi ile, kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, amenirudishia kauli ile ile ya mtangazaji wa redio kwamba "simu imekatika, bahati mbaya", kana kwamba bahati ndiyo iliyoushika mkono wake ikaiteremsha sauti ya bibi yule wa Mbagala aliyepiga simu kipindini. Kituo sikitaji, wala kijana mwenyewe simtaji, maana waliosikiliza wanamjua, na wasiosikiliza hawana haja ya kumjua. Hapa tunachambua kazi.

Kwa insafu nikiri kwamba saa nzima ya kwanza ya kipindi ilikwenda vema: habari za foleni ya Barabara ya Kilwa zilisomwa kwa ufupi na fundi mitambo alizisawazisha sauti barabara.

Swali la siku, mtakumbuka, lilikuwa: ni nani uliyetaka kumshukuru na hukuwahi? Ni swali jema, tena la hatari, kwa kuwa amwulizaye mtu mzima swali kama hilo huwa amemwomba afungue sanduku ambalo pengine halijafunguliwa kwa miaka arubaini, na mwenye kuomba hivyo hana budi kusubiri mpaka kufuli izunguke. Kijana akampokea bibi kwa "Shikamoo", bibi akaitikia "Marahaba, baba", kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvuta mkeka akakaa. Kisha akasimulia kwa nidhamu ya wasimulizi wa zamani, pasipo haraka wala kurukaruka, jinsi alivyotoka Rufiji akiwa mja mzito, jinsi uchungu ulivyomshika usiku katika chumba cha kupanga, jinsi jirani alivyotoka mbio kumtafuta mkunga, na jinsi mkunga alivyoingia na taa ya chemli mkononi. "Akaniinamia, baba," akasema, "akaniambia neno moja, mpaka hii leo..." Akanyamaza.

Nimeipata rekodi ya dakika zile kwa mtu aliyekuwa akiirekodi redio kwa simu yake, nikaisikiliza mara sita, nikiwa na saa mkononi. Ukimya ule ulikuwa wa sekunde nne. Na ninaposema ukimya nasema kwa majazi, maana ndani ya sekunde nne zile jogoo aliwika, mtoto aliitwa kwa jina, na kwa mbali kondakta wa daladala alikuwa akinadi, "Rangi Tatu, Rangi Tatu!" Simu iliyokatika haina jogoo. Simu iliyokatika hukupa mlio wake, au haikupi kitu kabisa. Lakini sote tulikuwa tumeingizwa uani kwa bibi, tukisikia hata pumzi yake ikipanda, na ghafula ua ule ukafungwa, si kwa mkato wa waya, bali kwa mteremko laini wa sauti ambao hufanywa na kitu kimoja tu duniani, nacho ni kidole cha mtu juu ya kile kijiti cha mezani kinachopandisha na kushusha sauti ya simu. Papo hapo tukaambiwa kuhusu bahati mbaya, na singeli ikaachiwa. Sina ugomvi na singeli, muziki uliozaliwa uswahilini humu humu mwetu. Ugomvi wangu ni kuitumia kama jamvi la kufunikia kitu kilichomwagika.

Pana makosa mawili hapo, na watu wameyachanganya. La kwanza ni kukata. La pili ni kusema uongo juu ya kukata. Kosa la kwanza ni la ufundi, na fundi huweza kusamehewa. La pili linamgusa bibi mwenyewe, ambaye yamkini alikuwa na redio pembeni, akajisikia ametangazwa kuwa hayupo ilhali yupo, simu i sikioni.

Wanaomtetea kijana huniambia kwamba ukimya hewani ni sumu ya redio. Neno hili nimelisikia tangu vituo vilipoanza kusongamana kwenye masafa, na sikatai kwamba lina asili yake. Zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam, kituo kikiwa kimoja kwa Bara nzima, msikilizaji akichoka na ukimya hakuwa na pa kukimbilia. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango, na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, na nyingine zikafuata kwa makundi, mtangazaji akaanza kuishi na hofu mpya: kwamba katika kila pumzi anayoivuta, kuna kidole Kinondoni kinachosogeza mshale wa redio kwenda kituo kingine. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa kitufe cha kicheko, mlio wa ving'ora, na ile tabia ya kusema juu ya wimbo mpaka mwimbaji aingie. Hata mitambo imewekewa kinga, maana iko mashine inayogundua ukimya na kuanzisha muziki yenyewe; lakini mashine hiyo, ambayo haina roho wala adabu, aghalabu huwekwa isubiri muda mrefu kuliko sekunde nne. Kijana wetu alishindwa subira na mashine.

Na je, vile vidole vya kusogeza mshale vilikuwapo? Mimi nilikuwa Tandika, kibarazani kwa fundi cherehani, nikingoja suruali ipunguzwe kiuno. Redio ilikuwa juu ya rafu, katikati ya rangi za uzi. Tangu bibi alipotaja chemli, mguu wa fundi ulianza kupunguza mwendo juu ya kikanyagio, sindano ikawa inashuka moja moja; na bibi aliponyamaza, cherehani nayo ikanyamaza, fundi akabaki ameshika gurudumu kwa kiganja, kitambaa changu kikining'inia. Mama aliyekuwa akipita na ndoo akasimama. Nathubutu kusema kwamba katika sekunde nne zile hakuna mshale uliosogezwa tangu Mbagala mpaka Tegeta, kwa kuwa asubuhi ile nzima hapakuwa na wakati mwingine ambapo mtu aliitaka redio kiasi hicho. Uongo uliposemwa na ngoma zikaingia, fundi alifyonza, akakanyaga.

Hapa wasomaji wangu wa siku nyingi watanivumilia nirudie wimbo wangu wa kale. Sauti ya simu na sauti ya studio si sawa hata kidogo. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya kati tu, takriban kuanzia hetzi 300 hadi 3,400, hivyo uzito wa kifua hubaki njiani, na ncha za herufi kama s hupotea. Ilhali mtangazaji ana maikrofoni iliyo shubiri moja kutoka mdomoni, inayobeba hata utelezi wa ulimi wake. Akisema mnene juu ya mwembamba, mwembamba hufa, hata bila kuteremshwa. Ndiyo maana mwenye maikrofoni ndiye apaswaye kujipunguza, asogee nyuma kidogo, aziache "ehee" na "kabisa kabisa" zake, amwache mgeni ajae chumbani. Ni ajabu kwamba vijana wetu hufundishwa namna ya kuijaza hewa, wasifundishwe namna ya kuiachia.

Na hilo la kusema na "wasikilizaji wetu wapendwa popote pale mlipo" nimelipigia kelele mpaka nimeitwa mzee wa popote. Hakuna mtu aitwaye wasikilizaji. Yuko fundi kibarazani, yuko dereva wa bajaji aliyebanwa Tazara, yuko mama anayechambua mchele; kila mmoja yu peke yake na redio yake, na anayehutubia umati huwa hamsemeshi hata mmoja wao. Debora Mwenda, katika "Mama na Mwana", alitusimulia hadithi sisi watoto tuliokuwa maelfu, na kila mmoja wetu aliamini kwamba ameketishwa yeye pajani. Julius Nyaisangah, tuliyemwita Uncle J na tukampoteza mwaka 2013, alikuwa na namna ya kusalimu iliyokufanya uitikie kwa sauti, ukiwa peke yako chumbani, kisha ukajicheka. Na Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025 baada ya kuipitisha sauti yake Radio Tanzania, Radio One, Ujerumani, Uingereza na kwingineko, alibaki kila alikokwenda mtu wa mazungumzo. Hata huko Kenya, marehemu Leonard Mambo Mbotela alikijenga kipindi kizima, tangu miaka ya 1960, juu ya swali moja la adabu, je, huu ni ungwana. Nami asubuhi ile nililiuliza kwa sauti, fundi akadhani namsema yeye kwa kuchelewesha suruali.

Nitaambiwa nawatukuza wafu. Basi niiache sifa ya watu nitaje sifa ya kazi. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", redio ilikusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, vijijini na mijini. Na ufundi wa kampeni ile ulikuwa katika kule kumalizika kwa kipindi, kwa kuwa redio iliponyamaza ndipo kazi ilipoanza, kiongozi wa kikundi akauliza, watu wakajadili, wakaamua kuchimba choo au kufyeka vichaka. Waliopanga mambo yale walijua kwamba ukimya wa redio ni zamu ya msikilizaji kusema. Kadhalika msimulizi wetu wa Pwani hasemi "Paukwa" akaendelea. Hungoja "Pakawa", na isipokuja hungoja tena.

Kijana angefanya nini, basi? Angesema, "Nipo, bibi." Maneno mawili, kwa sauti ya chini, katika sekunde ya tatu, na mkono wake ukae mbali na meza. Msikilizaji angejua simu i hai, bibi angejua hakuachwa, na mashine ya ukimya, kama ndiyo iliyotisha, ingetulia. Na endapo bibi angelia, basi angelia, "Pole, bibi" ingetosha, na muziki ungesubiri, maana haukuwa na pa kwenda.

Mara ya sita nilipoisikiliza rekodi, niliizima feni nikaiweka simu sikioni, nikagundua jambo ambalo hewani halikunifikia. Katika ule mteremko wa sauti, chini kabisa, kabla ya mtangazaji kufungua kinywa, bibi alikuwa amekwisha kuanza kusema. Silabi moja imewahi kupita: "Wa..." Nikampelekea fundi cherehani. Akasikiliza, akaniomba nirudie, akasema hilo ni "wallahi", bibi alikuwa anaapa. Mkewe, aliyekuwa akipepea jiko la mkaa nyuma ya pazia, akasema si wallahi hata kidogo, ni "wako", mkunga alikuwa akimwambia mtoto wako huyu hapa. Suruali niliichukua kesho yake, na walikuwa bado wanabishana.