Usisikilize Wimbo Tu, Sikiliza Chumba

Krismasi iliyopita nilialikwa kwa jirani hapa Kiamunyi, Nakuru. Nyama ilikuwa motoni, redio dirishani, na hewani kulikuwa na kipindi cha sikukuu chenye wageni watatu, watunzi wanaojipigia gitaa wenyewe. Kila wimbo ulipokwisha watu walitikisa vichwa: "Hiyo sauti ni safi!" Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba, lakini nilikasirika hadi ugali ukanishinda. Kipindi kile kilikuwa kibovu, na ubovu wake ulijitokeza kabla mgeni wa kwanza hajaimba neno la kwanza.

Asiyejua kazi ya kurekodi husikiliza sauti ya mwimbaji, kisha gitaa, kisha anatoa hukumu. Mimi husikiliza pale ambapo hakuna anayefanya lolote, zile sekunde mbili kati ya swali la mtangazaji na mlio wa kwanza wa uzi wa gitaa. Kila chumba kina ukimya wake. Sebule yangu saa kumi na mbili asubuhi ina upepo mwembamba kutoka upande wa Menengai, lori mojamoja kwenye barabara ya Kabarak, na jogoo wa nyumba ya tatu. Ikifika saa tatu, jua linapasha mabati na paa linaanza kualika, tak, tak, kama mtu anayevunja vidole. Baada ya hapo sirekodi. Friji huzimwa mapema, na funguo za gari huwekwa ndani yake ili nisiondoke bila kuiwasha tena.

Ukimya ulio chini ya mazungumzo lazima uwe uleule ulio chini ya wimbo. Ukikatika ghafla wimbo unapoanza, ukaingia ukimya mwingine mkavu, ujue mgeni hakuimba mahali alipochekea. Wimbo ulitumwa kwa simu kutoka kwingine, mtangazaji akaupachika, kisha akasema kwa furaha, "Karibu utuimbie." Siku ile ya nyama jambo hilo lilifanyika mara tatu. Wasikilizaji waliambiwa kwamba watu wanne wamekaa pamoja wakisherehekea, na hakuna wimbo hata mmoja ulioimbwa pale.

Mzee aliyenifundisha alitoka shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, kabla jina hilo halijageuzwa kuwa KBC mwaka 1989. Kabla mgeni yeyote hajafungua mdomo, alirekodi dakika nzima ya chumba kitupu, watu wote wakiwa wameketi na kushusha pumzi taratibu. Utepe ulikimbia inchi 7.5 kwa sekunde, kwa hiyo dakika hiyo ilikula futi 37 na nusu za utepe, na utepe ulikuwa mali. Tulimwona mbadhirifu mpaka siku mgeni mmoja alipokohoa katikati ya salamu za Krismasi. Mzee alikata kikohozi kwa wembe, akakilaza juu ya meza, akakipima kwa rula, kisha akakata urefu uleule kutoka kwenye ukimya wake na kuunganisha. Nilisikiliza mara tano. Nilijua kikohozi kilikuwa wapi na bado sikukipata. Leo kazi hiyo ni ya kubofya mara mbili, tena bila gharama ya utepe, lakini vijana hawarekodi hata sekunde kumi za chumba. Wanakata mpaka kwenye mfupa, na mazungumzo yanasikika kama mtu anayezimwa na kuwashwa.

Maiki ni moja. Anayeweka mbili kwa mwimbaji mmoja hajaamua anachotaka kusikia. Ikae shubiri mbili kutoka mdomoni, ikitazama kidogo chini kuelekea pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo lake. Nyuzi ziwe na umri wa wiki mbili. Mpya hupiga kelele kama vijiko. Mgeni asizidi nyimbo tatu. Kengele za farasi wa theluji zikisikika popote ndani ya kipindi, zima redio. Nakuru mwezi wa Desemba kuna vumbi, jua na matatu zilizojaa watu wanaoenda ushago. Anayetuletea theluji hakutufikiria.

Vipindi vya Krismasi hurekodiwa Novemba, na Novemba ni mwezi wa vuli. Mvua ikigonga mabati, weka gitaa chini uchemshe chai. Wapo wanaoendelea kurekodi, kisha wanaipitisha sauti kwenye programu ya kufuta kelele. Utawatambua: herufi "s" zinakuwa na povu, na mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya karai la maji.

Na kuna suala la chupa. Katika nyimbo za gitaa za enzi ya mpiga gitaa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, mara nyingi utasikia chupa ya Fanta ikikwaruzwa mistari yake. Chupa ya kioo hukwaruzwa na mkono wa mtu: mkwaruzo mmoja unachelewa kidogo, mwingine unawahi, na mpiga gitaa anamsogelea mpiga chupa. Niliwahi kuitwa studio moja mjini nisifu kipindi cha sikukuu. Chupa ilikuwa inasikika, lakini kila mkwaruzo ulifanana na mwenzake kama matofali. Nikauliza mpiga chupa ameketi wapi. Kijana akanionyesha kitufe cha kibodi. Sikusifu.

Wanaotetea mitambo mipya wasikilize "Chemirocha", ambayo mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliirekodi Kapkatet mwaka 1950. Wasichana wa Kipsigis wanamwimba Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku kwetu, nao wakalimeza jina lake mpaka likawa la Kikalenjin. Kwa vipimo vya leo vifaa vyake vilikuwa duni, lakini unasikia hewa iliyowazunguka wale wasichana, na unajua walikuwa pamoja.

Redio ya Krismasi nayo ilikuwa na uzito zamani. Nyumbani kwetu betri zilianikwa juani tangu tarehe 23 Desemba ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi, na hakuna aliyeruhusiwa kusikiliza hata taarifa ya habari. Watu waliojinyima hivyo walistahili wimbo ulioimbwa kweli chumbani.

Jambo la mwisho ni mwisho wenyewe. Mtangazaji mbaya huingia juu ya uzi wa mwisho: "Asante sana, asante!" Mwaka juzi mama mmoja mtunzi kutoka upande wa Rongai alikaa kwenye kiti changu cha mbao, akaimba wimbo wa mtoto ambaye hakurudi nyumbani kwa sikukuu. Alipomaliza aliuacha mkono wake hewani. Uzi mnene uliendelea kuvuma, ukapungua, ukawa mwembamba kuliko upepo. Mtangazaji alifungua mdomo, nikainua kidole. Sekunde ya tisa, jogoo wa nyumba ya tatu akawika. Mama akatabasamu, na unaweza kusikia pumzi ya tabasamu hilo ikitoka puani. Tarehe 25 Desemba tuliupeleka hewani na jogoo wake.