Mizani ya Mchezo wa Video

Mtu atakaye kujua kama mchezo wa video umetengenezwa na fundi au na mchuuzi, na aombe kushika padi kwa dakika tano, kisha asifanye neno lolote ila kumwendesha mhusika mahali patupu, pasipo adui wa kupigwa wala hazina ya kuokotwa. Amkimbize, amgeuze ghafla, amrushe juu, amsimamishe. Akijiona anaendelea kufanya hivyo kwa furaha ijapokuwa hapati kitu, ameshika kazi ya dhati, na akiona uchovu umemwingia kabla dakika ya pili haijatimia, ajue kwamba hakuna vita, hadithi wala mandhari itakayoletwa baadaye ikaweza kuifidia nakisi hiyo. Kipimo hiki sikukibuni mimi. Shigeru Miyamoto na wenzake wa Nintendo, walipokuwa wakiitengeneza Super Mario 64 iliyotoka mwaka 1996, walianza na Mario akikimbia mahali padogo, na sungura mmoja wa kufukuzwa, wakausawazisha mwendo huo kabla ya kujenga ngome na milima ya mchezo wenyewe. Sungura yule hakutupwa. Mchezaji aliyekwisha kukusanya nyota za kutosha humkuta katika vyumba vya chini ya ngome, angali akingoja kufukuzwa.

Naweka mkono mbele ya jicho, na najua kuwa kwa kusema hivyo naachana njia na wanunuzi wengi, maana bidhaa hii huuzwa kwa picha, na tangazo halina namna ya kumwonjesha mtu uzito wa kitufe chini ya kidole. Walakini picha ndiyo ya kwanza kuchakaa. Uso wa mhusika uliosifiwa miaka kumi na mitano iliyopita kwa kufanana na uso wa mwanadamu, leo hutazamwa kama sanamu ya nta, ilhali mwendo uliofanywa vizuri mwaka 1985 ungali mtamu mkononi. Katika picha natafuta jambo moja, nalo ni udhahiri: je, kwa kutupa jicho mara moja naweza kupambanua kinachoua na kinachookoa, njia na ukuta, karibu na mbali? Mchezo wenye fahari ya rangi na moshi na mng'ao, ambao mchezaji hufa ndani yake asijue kilichomwua, ni kama hati ya kupendeza isiyosomeka.

Turudi mkononi, maana huko ndiko iliko siri ya kazi. Kioo huchorwa upya aghalabu mara 30 au 60 kwa sekunde, na baina ya kidole kubana kitufe na tendo kuonekana hupita muda ambao mchezaji hawezi kuuhesabu, lakini mwili wake huutambua. Muda huo ukizidi, mchezo huwa mzito. Neno hilo nimelipata katika mabanda ya gemu, ambako vijana hulipia mechi za mpira, na ambako, kwa maoni yangu, wamo mahakimu wa ufundi huu wanaowapita waandishi wengi wa magazeti. Kijana mmoja nilimwuliza kwa nini ameiacha gemu mpya akairudia ya zamani, akanijibu, "Mzee, hii nzito. Unapiga pasi, halafu unasubiri." Hukumu hiyo ilikuwa kamili, wala sikuwa na la kuiongeza.

Lakini wepesi peke yake hautoshi, kwa sababu kiumbe asiye na uzito hata kidogo huponyoka mkononi kama kipande cha sabuni. Mario wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985 akiwa katika mbio, ukimtaka asimame hasimami papo hapo. Huteleza kidogo kwanza, na akigeuzwa hujikaza kabla ya kurudi alikotoka. Ukibana kitufe cha kuruka kisha ukakiachia upesi, huruka kidogo. Ukikawia kukiachia, hupaa zaidi, hata kidole kikawa kama kinapima kimo cha hewa. Hapo ndipo unapotambua kuwa mtu alikaa siku nyingi akisawazisha. Iko pia hisani nyingine iliyo batini zaidi. Katika Celeste, mchezo wa kupanda mlima uliotoka mwaka 2018, mchezaji aliyechelewa kidogo, akabana kitufe baada ya mguu kwisha kuliacha jabali, bado huhesabiwa kuwa yuko juu ya jabali, kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wako watakaoiita hadaa. Mimi naiita maarifa ya mwanadamu, maana jicho na kidole havikuumbwa kwenda sambamba, na fundi aliyelifahamu hilo amempa mchezaji kile alichokusudia. Hisani ya namna hii haionekani. Mchezaji hujiona tu kuwa amekuwa hodari.

Baada ya mkono, tazama jinsi mchezo unavyofundisha. Mchezo dhaifu humsimamisha mgeni mlangoni ukamsomea kanuni, mshale huku na kisanduku cha maandishi kule, mpaka hamu iliyomleta imekwisha kupoa. Sijaona somo lililo bora kuliko mwanzo wa Super Mario Bros., kazi ya Miyamoto na Takashi Tezuka, ambayo yote pia iliingia katika kaseti ya kilobaiti 40, pungufu sana ya picha moja ipigwayo na simu ya leo. Mario husimama upande wa kushoto wa kioo na mbele yake pana uwazi, basi mchezaji hujua bila kuambiwa kuwa safari ni ya kulia. Hatua chache tu, na kijitu chenye uso wa ghadhabu kinamjia polepole. Asiporuka hufa, na hasara yake si kubwa, kwa kuwa amepoteza sekunde chache. Juu yake yako masanduku yanayomemeta yenye alama ya kuuliza. Agongalo la kwanza hutoa sarafu, na jingine hutoa uyoga. Sasa uyoga huo kwa umbo unakaribia kufanana na adui aliyetoka kumkimbia, na mgeni angependa kuukwepa. Lakini huo huenda kulia, huanguka chini, hugonga bomba na kumrudia, na matofali yaliyo juu ya kichwa chake humzuia kuuruka vizuri, hata ukamgusa, na badala ya kufa akakua. Mbele zaidi ziko ngazi mbili zinazotazamana, na kati yake pana sakafu. Atelezaye huanguka asidhurike. Mara baada ya hizo ziko ngazi nyingine za namna ile ile, ila kati yake pana shimo la mauti. Hakuna neno lililoandikwa, na mwanafunzi amekwisha kuhitimu. Ukitaka kuupima mchezo wowote kwa kipimo hiki, mpe mtu ambaye hajapata kuuona, kaa kando yake, fumba kinywa, na hesabu ni mara ngapi anageuka kukuuliza.

Kushindwa ndiko kunakofichua tabia. Sikiliza neno la kwanza la aliyeshindwa. Akisema "nimekosea," mchezo una insafu. Akisema "imenionea," fanya uchunguzi, kwa maana huenda amesema kweli. Sisi tuliokulia karibu na baraza za bao tuna mizani ya jambo hili tangu utotoni: hesabu ya kete 64 i wazi kwa wachezaji wote wawili, na aliyefungwa anaweza kurudi nyuma kwa fikira, shimo kwa shimo, mpaka akaufikia mtaji alioukosa. Hivyo ndivyo ilivyo katika Pac-Man, aliyoibuni Toru Iwatani wa Namco mwaka 1980. Mizuka yake minne haifukuzi kwa tabia moja: mwekundu huandama mahali ulipo, wa waridi hulenga mbele ya mahali unapoelekea, na wa rangi ya chungwa hukujia akiwa mbali, akikaribia hujitenga. Mchezaji aliyewasoma hao huweza kueleza kwa nini alinaswa kwenye kona fulani, na maelezo hayo ndiyo yanayomrudisha mchezoni kesho yake.

Kwa sababu hiyo ugumu wenyewe siuhesabu kuwa aibu. Dark Souls ya FromSoftware, iliyotoka mwaka 2011 chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, humwua mchezaji mara nyingi mno, na bado naiweka miongoni mwa kazi zenye insafu kubwa, kwa vile adui akiinua silaha huonyesha mapema ataishusha wapi, na aliyekufa hujua alikuwa amesimama mahali pasipofaa. Naondoa katika sifa hiyo pambano la Bed of Chaos, ambamo sakafu hubomoka chini ya miguu ya mtu asiyepata kuonywa. Hilo ni doa, na mpenzi wa kazi hana haja ya kulificha.

Juu ya sauti sitasema mengi. Katika Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, ya mwaka 1978, noti nne nzito hurudiwa, nazo huharakishwa kadiri maadui wanavyopungua, hata moyo wa mchezaji ukafuata. Maadui wale pia walikwenda mbio kadiri walivyopungua, kwa kuwa kichakataji cha mashine kilikuwa na wachache wa kuchora. Fundi aliiona hali hiyo akaiacha, na upungufu wa chombo ukawa roho ya mchezo. Jaribu kuuzima mlio wa mchezo unaoupima: ukiona unacheza vile vile, sauti ile ilikuwa pambo.

Mfano huo wanifikisha kwenye sifa niipendayo kuliko zote, ambayo ni uwekevu wa mali na vifaa. Mwaka 1984, katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi mjini Moscow, Alexey Pajitnov alitumia mashine iliyoitwa Elektronika 60, isiyo na uwezo wa kuonyesha picha bali herufi na alama tu, akayachora maumbo yake kwa alama za mabano. Maumbo ni saba, kila moja lina miraba minne, na kanuni inaelezeka kwa sentensi moja. Huo ndio Tetris. Ulipoambatanishwa na Game Boy ya Nintendo mwaka 1989, ulikutana na chombo cha tabia yake. Gunpei Yokoi, aliyeongoza utengenezaji wa chombo hicho, alishikilia kuwa yafaa kuchukua ufundi wa zamani uliokwisha kuzoeleka na kushuka bei, na kuutafutia matumizi mapya. Game Boy ilikuwa na kioo cha rangi ya majani kisicho na taa, ikaenda saa nyingi kwa betri nne. Wapinzani wake, Atari Lynx na Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi na mwanga, wakala betri sita kwa saa chache. Watu wakachagua chombo ambacho hakikuzima safarini. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameijua fadhila hiyo kwa njia nyingine, kupitia Nyoka wa simu za Nokia, aliyetiwa humo na Taneli Armanto mwaka 1997: vitufe vinne, mstari unaorefuka, na mchezaji ambaye kila alipopata chakula alijiongezea ukuta wa kujigonga. Nani aliyekufa katika Nyoka akamlaumu mwingine?

Sasa mfuko. Zamani hakimu wa mchezo hakuwa na haja ya kuutazama mfuko baada ya kulipa, lakini siku hizi huwezi kutoa hukumu ya haki pasipo kuuliza kama mwenye duka amekwisha kuondoka chumbani. Mwaka 2006 farasi wa mchezo wa Oblivion waliuziwa deraya kwa dola mbili na nusu, na watu wakashangaa. Baadaye yakaja masanduku ya bahati, ambayo mchezaji hulipia asijue atatoa nini, hata mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji ikaamua kuwa yale ya baadhi ya michezo ni kamari kwa mujibu wa sheria yake. Jambo hili si la maadili ya biashara peke yake. Linaingia katika ufundi. Fundi aliyeamriwa kuuza njia ya mkato hana budi kwanza kuirefusha njia yenyewe, na kila saa ya uchovu anayoitia humo ameitia kwa makusudi. Dalili yake unaweza kuigundua mwenyewe: mchezo unapokufanya uingoje saa, au urudie kazi moja mara mia, ukakuonyesha mara hiyo hiyo bei ya kutoingoja, ujue umeharibiwa ili utengenezwe kwa malipo.

Na liko la amana. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft, uliuzwa tangu mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilizimwa, na walioununua hawakuweza kuucheza tena, hata yule aliyetaka kuendesha gari peke yake asikutane na mtu. Kaseti ya Mario ya mwaka 1985, ikiwa nzima, hucheza leo bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Basi, kabla ya kutoa fedha, mwulize mwuzaji kama mchezo hufunguka intaneti ikizimwa, na soma bei za vilivyomo ndani kabla ya kuridhika na bei ya mlangoni. Mchezo wa kuchezwa na mtu mmoja, usiofunguka mpaka seva ya mbali itoe idhini, mimi siununui, hata mkono wake ukiwa mwepesi namna gani.