Keekee kwenye Kifuniko cha Tangi

Kutoboa kifuniko cha tangi la petroli ili gari "lipumue" ni kosa, tena linalosikitisha zaidi kwa kuwa hufuata uchunguzi uliofanywa vizuri. Kifuniko cha awali kikipotea, kupima mdomo wa tangi, kulinganisha meno na kusafisha ukingo unaokaliwa na mpira ni kazi ambazo mafundi wa Ngamiani, Tanga, huzimaliza bila dosari.

Balaa huanza pale gari, lililofungwa kifuniko kinachoingia na kukaza lakini kisicho cha aina yake, linapozimika kabla ya kufika Muheza. Kila lita ya petroli inayovutwa na pampu huacha nafasi ambayo sharti ijazwe na lita ya hewa, na katika magari mengi ya zamani ya karabureta hewa hiyo hupitia vali ya kifuniko, yaani kilango cha springi kinachoiruhusu kuingia huku kikizuia mvuke kutoka. Kilango kikikosekana, tangi hufanya ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa ya kutosha, na mafuta hugoma kupanda. Fundi hufungua kifuniko, husikia hewa ikifyonzwa ndani, injini huwaka. Ugonjwa umekwisha kujulikana. Badala ya kutafuta kifuniko chenye vali kwa kufuata aina ya gari na namba ya chesisi, huchukua keekee.

Tundu halina kilango. Mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa na unaoweza kushika moto hata katika baridi ya chini ya nyuzi sifuri, hutoka na kutuama chini ya gari. Tangi likijaa, kona za kupanda kutoka Mombo hadi Soni humwaga mafuta ubavuni. Na maji ya masika yakipenya, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, huzama hadi pale pampu inaponyonya. Kwenye magari ya kisasa huvurugika pia kazi ya kasha la mkaa, chombo kinachonasa mvuke ili uchomwe injinini. Kuhusu mfuko wa nailoni unaofungwa kwa mpira badala ya kifuniko, ambao hata sheria imeupiga marufuku tangu Juni 1, 2019, hakuna cha kuchambua.

Madereva wa Land Rover za mashamba ya mkonge hawakuyajua haya ya kupoteza kifuniko, kwa sababu kifuniko chao kilining'inia kwenye mnyororo wa chuma. Kamba ya plastiki iliyourithi hukatika, kifuniko husahauliwa juu ya paa kituoni, na msako huanza.

Anayenunua gari la mtumba Tanga na akigeuze kifuniko akitazame kabla ya kulipa. Akikuta tundu la keekee, aulize ni nini kingine kilichotobolewa.