Istihizai ya Bagika na Bagalu

Atokaye Igoma kwa barabara iendayo Musoma hafiki mbali kabla ya kuingia Kisesa, na hapo, juu ya kilima cha Bujora penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement wa Kanada, hukutana wakati wa tamasha la Bulabo, aghalabu mwezi wa Juni, vyama viwili vya ngoma ambavyo uhasimu wao ni wa tangu karne ya 19: Bagika na Bagalu, ambao kwa mapokeo asili yao ni waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha.

Kaida yao ni nyepesi, na ndiyo ufunguo wa istihizai yote isikikayo uwanjani: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, karibu karibu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna kadhi akaaye mezani na kalamu. Mtazamaji aliyechoshwa na upande huu huvuka akaenda wa pili, na kuvuka kwake ndiyo hukumu.

Madhali hukumu i kwa hadhara, ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hana budi kumdhihaki hasimu kwa namna itakayowafurahisha hata wale waliokuja kumshangilia hasimu huyo, maana hao ndio anaowataka. Tusi la nguoni huwaudhi watu na kuwafukuza. Fumbo huwaacha wakitafuta maana, na anayetafuta maana haondoki. Kwa hiyo ningi hodari huchagua shabaha ambayo kila jicho limeiona. Katika bugobogobo, ngoma ya jembe ya Bagalu, wachezaji huyazungusha na kuyarusha majembe kwa kufuata mdundo wa ngoma kuu. Likiponyoka moja likaanguka, upande wa pili hauhitaji kutunga uwongo, kwani kiongozi atauliza kwa wimbo iwapo dawa za mvuto, yaani za kuvuta watazamaji, zimechacha, kiitikio kikapokea, na kicheko kikaenea kabla jembe halijaokotwa.

Hapo pana mambo matatu: ukweli unaoonekana, fumbo linalofumbulika, na wepesi wa wakati. Likikosekana la kwanza, dhihaka huwa masingizio. Likikosekana la pili, huwa matusi. Likikosekana la tatu, huwa kiporo. Tena aliyechekwa ana haki ya kujibu palepale, kwa sauti ileile na mbele ya watu walewale, na haki hiyo humfunza mchekaji adabu kuliko onyo lolote.

Vijana wa leo watungao mashairi ya kurushiana vijembe, na wanasiasa wapandao majukwaani wakati wa kampeni, nawasihi waende Bujora wakasikilize: hasimu asiyepewa nafasi ya kujibu ameonewa, na aliyemwonea hana ushindi wa kujivunia.